Matairi membamba kwenye Land Cruiser mkonga ya 1996: kisa cha gari la asali, Sikonge

Desemba iliyopita, siku ya pili baada ya mvua kubwa, mjomba alinipigia simu akiwa mbugani, yaani bonde la udongo mweusi, upande wa Kitunda. "Mpwa wangu, gari limelala. Njoo na jeki yako ile ndefu, na uje na mtu wa kuchimba." Nilifika alasiri. Gari lilikuwa limekalia tumbo, ndoo 38 za asali zimeshushwa na kupangwa chini ya mti, na vijana wawili wamelowa tope hadi viunoni. Matairi yote manne hayakuonyesha kashata, yale meno ya tairi, hata moja. Udongo mweusi ulikuwa umejaa mpaka ndani ya madigadi, ukakaza kama tofali bichi, kiasi kwamba gurudumu la mbele kushoto lilikuwa halizunguki kabisa hata gari likiwa juu ya jeki. Ilibidi tuutoe kwa panga.

Nilipochukua koleo nikachimba mbele ya tairi niliona kitu ambacho ndicho kilichonifanya niandike kisa hiki. Sentimita 20 za juu zilikuwa uji. Chini yake koleo liligonga. Udongo wa chini ulikuwa mkavu na mgumu kama sakafu ya ghala, kwa sababu mvua za mwanzo zilikuwa hazijaufikia. Gari lenye tani karibu tatu lilikuwa limekwama juu ya sakafu nzuri, likishindwa kuigusa.

Trekta ya jirani ilitutoa saa moja usiku. Njiani mjomba alisema, "Nimeambiwa ninunue matairi mapana zaidi, haya bado hayatoshi." Nilimwomba asinunue chochote mpaka gari lifike gereji kwangu Tabora mjini.

Gari lenyewe ni Land Cruiser HZJ75, pikapu, ile ambayo watu wetu wanaiita mkonga. Ni ya mwaka 1996, injini ya 1HZ, dizeli, silinda sita, lita 4.2, ekseli ngumu mbele na nyuma, springi za majani kote. Kiwandani gari la aina hii lilitoka na matairi 7.50R16 kwenye rimu za chuma za inchi 16 zenye upana wa inchi 5.5, zile za vipande zenye pete ya kufungia, na tyubu ndani. Mjomba alilinunua Dar es Salaam kwa mtu aliyelipenda kwa macho. Yule bwana alikuwa ametoa rimu zote za kiwandani, akafunga rimu za kroma za inchi 15 zenye upana wa inchi 10, na matairi ya 33x12.50R15. Kwa milimita, tairi hilo lina kipenyo cha kama 838 na upana wa kama 318. Lile la kiwandani lina kipenyo cha karibu 808 na upana wa karibu 215. Yaani kwa urefu tofauti ni ndogo, sentimita tatu tu. Kwa upana tofauti ni zaidi ya sentimita kumi kila gurudumu.

Naelewa kwa nini watu wanayapenda. Gari likisimama mjini na matairi yale linaonekana limeshiba. Lakini gari hili halikai mjini. Kazi yake ni lami kutoka Tabora hadi Sikonge, kisha changarawe iliyojikunja kama bati, kisha njia za msituni kati ya miyombo na mininga, kisha mbuga. Na linabeba asali, mzigo ambao watu wengi hawaujui uzito wake. Ndoo ya lita 20 ikijaa maji ina kilo 20. Ikijaa asali ina kilo 28, maana lita moja ya asali ni karibu kilo 1.4. Ndoo 40 ni kilo 1,120, kabla hujahesabu ndoo zenyewe, turubai, dereva na vijana wawili.

Nikianza na uzito huo: ubavuni mwa tairi la 33 kulikuwa na namba 108. Namba hiyo inasema tairi moja linabeba kilo 1,000, tena likiwa limejazwa upepo wake wa juu kabisa. Matairi mawili ya nyuma ni kilo 2,000. Sehemu ya nyuma ya gari likiwa tupu ina kilo mia nane hadi mia tisa, na mzigo wa pikapu karibu wote unaangukia nyuma. Jumlisha, utaona kwamba mjomba alikuwa ukingoni kila safari, na akipunguza upepo ili apite tope alikuwa amevuka ukingo. Hakuna mtu aliyemwambia. Tairi pana linaonekana lina nguvu, na jicho la mnunuzi haliendi kwenye namba ndogo ya ubavuni. Tafadhali, msomaji mwenye gari la mzigo, toka sasa hivi ukaisome ya kwako. Namba 112 ni kilo 1,120, 116 ni kilo 1,250, 120 ni kilo 1,400. Herufi inayofuata ni mwendo: L ni km 120 kwa saa, N ni 140, Q ni 160.

La pili lilikuwa beringi. Nilinyanyua mbele, nikashika tairi la kushoto juu na chini, nikalitikisa. Lilicheza. Nilipofungua habu, grisi ilikuwa nyeusi na beringi ya nje ilikuwa na michubuko. Mjomba aliniambia ameshabadilisha beringi za mbele mara mbili ndani ya mwaka mmoja na nusu, na kila mara fundi alilaumu ubora wa spea. Sikuilaumu spea. Rimu ile ya inchi 10 ilikuwa na ofseti hasi ya milimita 44, maana yake uso unaofungwa kwenye habu uko ndani sana, na tairi zima linasukumwa nje. Katikati ya tairi, pale uzito unapokanyaga, palikuwa pamesogea nje kwa zaidi ya sentimita 4 ukilinganisha na rimu ya kiwandani. Kila shimo likawa linatumia mkono mrefu zaidi kuzikamua beringi za habu, na zile za juu na chini ambazo goti la stelingi linazungukia. Ndiyo maana pia usukani ulikuwa ukimpokonya mikono kila tairi moja likigonga jiwe. Kabla ya kubishana upana wa tairi, pima ofseti. Magari mengi yanayosemekana kuharibiwa na tairi pana yameharibiwa na rimu.

Kulikuwa na mengine madogo: madigadi ya kulia yalikuwa yamekatwa kwa grainda ili tairi lisiguse, na bado liligusa usukani ukikatwa hadi mwisho. Tairi moja la nyuma lilikuwa na jeraha ubavuni lililofika kwenye nyuzi. Hilo ni kisiki. Kwenye njia za warina asali visiki vya miyombo vinaachwa vimekatwa mshazari kama mkuki, na tairi linalotokeza nje ya bodi ndilo linalovikuta kwanza.

Sasa swali lenyewe la upana. Mjomba hakuwa mtu wa kukubali maneno, na mimi pia sikutaka akubali maneno. Tulifanya kipimo. Nilisaga mkaa, nikachanganya na mafuta machafu, nikapaka kashata za tairi pana la mbele kulia. Gari tupu, upepo psi 32 (psi ni kipimo cha upepo wa tairi). Tukalishusha polepole kwa jeki juu ya kipande cha boksi la friji, tukalinyanyua tena. Alama iliyobaki ilikuwa na upana wa sentimita 24 na urefu wa kama 10. Kisha nikaazima kwa rafiki gurudumu la 7.50R16, nikalifunga palepale, psi 32 vilevile, boksi lingine. Alama: upana 15, urefu kama 16.

Mjomba alizidisha mwenyewe kwa kidole juu ya vumbi la bonti. Kumi mara ishirini na nne. Kumi na tano mara kumi na sita. Zote 240. Akaniangalia.

Hapo ndipo watu wengi wanapotea, hata mafundi wenzangu. Wanasema tairi jembamba linakanyaga eneo dogo kwa hiyo linazama. Lakini tairi ni mfuko wa upepo. Upepo ndio unaobeba gari, na eneo linalogusa chini linategemea hasa uzito uliopo na upepo uliojaza. Uzito uleule, upepo uleule, eneo linakuwa karibu lilelile. Kinachobadilika ni umbo. Pana linaacha alama fupi iliyolala kushoto na kulia, jembamba linaacha alama ndefu inayokwenda mbele na nyuma, kama unyayo. Tuliposhusha upepo hadi psi 20, jembamba liliacha upana wa 16 na urefu wa 22, na pana liliacha 25 kwa 14. Tena karibu sawa. Kosa la kulinganisha linatokana na mtu kujaza tairi jembamba psi 45 na pana psi 28, halafu analaumu wembamba.

Umbo hilo lina maana kubwa kwenye tope. Tairi linapokwenda mbele linasukuma kile kilicho mbele yake. Ukuta wa tope unaosukumwa na tairi pana una upana wa sentimita 24 au 25, ule wa jembamba ni 15 au 16. Zaidi ya theluthi moja ya kazi imeondoka, na bado una urefu mkubwa wa kashata zinazoshika kwa mstari mmoja. Nilipochimba kule mbugani niliona mbele ya kila tairi pana kichuguu cha tope ambacho gari lilikuwa limejisukumia lenyewe mpaka likashindwa kukipanda.

Lakini sitaki mtu asome hapa akadhani jembamba linashinda kila mahali. Inategemea chini kuna nini. Tabora yetu ina udongo wa aina mbili zinazopokezana: kichanga cha miinuko yenye miti, na mfinyanzi mweusi wa mabondeni, yaani mbuga. Mfinyanzi huu ukikauka unapasuka nyufa unazoweza kuingiza mkono. Ukinyeshewa unavimba, nyufa zinafunga, na maji yanaingia chini kwa taabu sana. Ndiyo sababu Novemba na Desemba unakuta uji juu na ukavu chini. Wakati huo tairi jembamba linakata uji, linafika kwenye sakafu, linashika. Tairi pana linaelea katikati, halizami vya kutosha kufika na halielei vya kutosha kupita. Ila ikifika Machi, mvua zikiwa zimeshiba, sakafu hiyo imelainika kwenda chini sana. Hapo jembamba litachimba hadi ekseli ikae. Kwenye tope lisilo na mwisho, na kwenye kingo za mashamba ya mpunga, pana lenye upepo mdogo sana lina nafuu, mradi gari liwe tupu. Gari la mjomba haliwi tupu linapotoka msituni. Kwa kilo 1,120 za asali mgongoni hakuna tairi la dukani litakaloelea juu ya mbuga ya Machi. Dereva anayejua atazunguka kwa njia ya kichanga, hata kama ni kilomita 15 zaidi.

Kwenye kichanga kikavu cha Septemba upana si hoja kubwa hata kidogo. Ukishusha upepo, alama ya jembamba inarefuka na gari linapita. Hoja pale ni ujasiri wa kushusha upepo na kuwa na pampu ya kuurudisha.

Tulikuwa na njia tatu. Shemeji wa mjomba alitaka 265/75R16 kwenye rimu za inchi 7, kwa hoja kwamba ni upana wa wastani na gari halitaonekana la misheni. Nilimsikiliza. Kipenyo chake ni milimita 804, kinalingana na cha kiwandani, na uzito linabeba vizuri. Ila lina milimita 50 zaidi ya upana ambazo hakuna kazi ya mjomba inayozihitaji, na Sikonge likipasuka hulipati leo wala kesho.

Njia ya pili ilikuwa 235/85R16. Hili ni jembamba, lina kipenyo cha 806, na mengi yake yana namba 120 ubavuni. Halihitaji tyubu. Kwa mtu anayeishi kwenye barabara kuu na mwenye kompresa ningempa hili bila kufikiri mara mbili. Lakini linataka rimu ya kipande kimoja yenye upana wa inchi 6 hadi 7.5. Usikubali fundi akufungie 235/85 kwenye rimu ya zamani ya inchi 5.5 yenye pete. Rimu ile imetengenezwa kwa tyubu, haina ukingo wa kulishika tairi lisilo na tyubu likipungua upepo, na upana wake ni mdogo kuliko unaoruhusiwa.

Njia ya tatu, 7.50R16, ndiyo tuliyoichukua, na sababu kubwa haikuwa tope. Ilikuwa Canter. Zile Canter zinazobeba tumbaku, mkaa na mahindi mkoa mzima zinatembelea 7.00R16 na 7.50R16. Maana yake kuanzia Tabora mjini hadi Kaliua hadi Sikonge, kila kijiwe cha fundi tairi kina tyubu ya saizi hiyo inaning'inia ukutani, na kila fundi anajua kulifungua kwa nyundo na vyuma viwili. Gari likilala porini na asali ya watu, jambo hilo lina thamani kuliko kashata nzuri. Hata Land Rover za zamani zilizopita njia hizi zilikuwa hivyo: 109, ile ndefu, ilitoka na 7.50-16, na ile fupi ya 88 ilitoka na 6.00-16. Wembamba haukuwa umaskini wa wakati ule.

Hapa kuna mtego ambao nusura tuuingie. Saizi ya Canter na saizi ya Land Cruiser ni moja, lakini tairi si moja. Muuza duka alituletea kwanza 7.50R16 ya plai 14 (plai ni kipimo cha nguvu ya tairi; zikiwa nyingi, tairi ni gumu zaidi). Nikalibonyeza ubavu kwa goti, halikusogea. Tairi hilo limetengenezwa kubeba lori kwa upepo mwingi. Kwenye gari la mjomba likiwa tupu litaruka juu ya barabara ya bati kama gurudumu la mkokoteni, na ukishusha upepo halikunji, kwa hiyo ile alama ndefu tuliyoiona kwenye boksi huipati. Linafaa kama spea ya dharura, si tairi la kila siku. Tulitafuta lenye plai chache zaidi, namba 116 na kashata zilizo wazi, zenye nafasi ya kutema udongo, maana kwenye mfinyanzi nafasi kati ya kashata inaamua mambo kuliko upana. Angalia pia kama ni R au kistari. 7.50R16 ni radiali, tairi la waya. 7.50-16 ni la nailoni. La nailoni lina ubavu mgumu unaovumilia visiki, ila linapata joto kwenye lami na halikunji vizuri. Ukichagua moja, gari zima liwe moja. Kuchanganya waya mbele na nailoni nyuma kunafanya gari likose msimamo kwenye kona. Mwisho soma tarakimu nne za umri: 3523 ni wiki ya 35 ya mwaka 2023. Tulikataa matairi mawili yaliyong'arishwa dawa yakaonekana mapya, tarakimu zikionyesha yana miaka tisa.

Rimu zilitusumbua zaidi. Tulipata rimu sita za kiwandani, zile zenye pete, kwenye karakana ya vyuma chakavu. Nilizipiga brashi ya waya moja moja. Mbili zilikuwa zimeliwa na kutu ndani ya mfereji ambamo pete inakaa. Sitafunga rimu kama ile kwa mtu yeyote. Pete isipokaa sawa, upepo ukiingia inaruka kwa nguvu inayovunja mkono na kuua, na vijana wanaojaza upepo vijiweni wanainama juu yake kila siku bila kinga. Kama gari lako bado linazitumia, toa kile kisindano cha vavu na uhakikishe upepo wote umekwisha kabla ya kugusa pete, na wakati wa kujaza geuza upande wa pete uelekee ardhini au uufunge mnyororo.

Tukaamua kununua rimu za chuma za kipande kimoja, inchi 16 kwa 6, tundu sita zenye duara la milimita 139.7, ambazo ndizo za 75. (Anayefuata mfano huu kwenye Land Cruiser ya 79 ajihadhari: hizo zina tundu tano.) Ofseti niliipima kwa mkono. Lalisha rimu kifudifudi, weka rula ndefu juu ya ukingo wa nyuma, pima kwenda chini hadi uso unaofungwa kwenye habu. Fanya hivyo kwenye rimu ya kiwandani na kwenye mpya, kila moja ukitoa nusu ya upana wake. Zetu zilitofautiana kwa milimita 8 tu, nikaridhika. Nati tulibadilisha zote, kwa sababu za kroma zilikuwa na shingo ndefu na washa bapa, na rimu ya chuma inataka nati yenye koni inayokaa kwenye shimo lake.

Kazi ya kufunga tyubu naisimulia kwa sababu pancha nyingi zinazaliwa hapo. Matairi mapya yana karatasi imegandishwa ndani. Ibandue yote, hata kipande cha ukubwa wa kucha, maana tairi likikunjika karatasi inasugua tyubu mpaka itoboke. Fundi wetu alipitisha kiganja ndani ya kila tairi taratibu, mzunguko mzima, akatoa mchanga na waya mmoja mfupi. Akamwaga poda ya watoto, akazungusha tairi mpaka ikapaka kote. Tyubu aliijaza upepo kidogo ili inyooke, akaifunga, akajaza, akaachia upepo wote, akajaza tena ili mikunjo ifunguke. Ilichukua asubuhi nzima kwa matairi sita, manne na spea mbili.

Baada ya km 100 tulikaza nati tena. Mbili zilikubali robo mzunguko.

Mjomba ametembea na matairi haya tangu Januari. Kwenye lami mzigo ukiwepo anaweka psi 36 mbele na 52 nyuma, akiwa tupu 38 nyuma. Mbugani anashuka hadi 24 mbele na 28 nyuma, mwendo chini ya km 30 kwa saa, na harudi kwenye changarawe ngumu mpaka amejaza. Chini ya 22 nimemkataza kabisa, kwa sababu tairi linaanza kuteleza kwenye rimu, linavuta tyubu, na vavu linang'oka. Hicho ndicho kitu ambacho tyubu inakunyima, na asiyetumia tyubu anaweza kushuka zaidi yake.

Mbuga ile ile ya Desemba aliipita Januari mara tatu akiwa na mzigo. Nilikuwa naye mara ya pili. Gari lilizama kama kiganja, likakaa, likaenda kwa gia ya pili ya low bila kelele, na nyuma yetu mistari miwili myembamba ilijaa maji taratibu. Usukani haukumpokonya. Mwezi wa tatu alikwama. Alijaribu bonde ambalo nilimwambia alizunguke, akachimba hadi ekseli, wakalala hapo.

Matumizi ya mafuta yalipungua, na hapa nataka hesabu iwe ya haki. Alipokuwa na matairi ya 33 alikuwa akisoma km 5.7 kwa lita, lakini tairi kubwa linafanya mita ya gari ihesabu kidogo kuliko ilivyotembea, kama asilimia 4, hivyo ukweli ulikuwa karibu km 5.9. Sasa ni 6.6. Sehemu ya tofauti hiyo inaweza kuwa beringi mpya.

Alichopoteza kipo. Kwenye lami yenye maji gari linahitaji nafasi ndefu zaidi kusimama, na kwenye kona linalala kidogo. Mjomba sasa anaendesha km 80 mahali alipokuwa akienda 100, na nimemwambia abaki hapo. Pancha amepata mbili, zote za miiba, zote zilizibwa vijiweni chini ya nusu saa. Ubavuni hakuna jeraha.

Beringi za mbele nilizifungua wiki iliyopita baada ya km 9,000. Grisi ni safi, hazichezi. Beringi ya chini ya goti la kulia ndiyo bado ina mlio mdogo usukani ukikatwa, uharibifu wa siku za rimu za kroma. Spea nimeshaipata, na mjomba ameahidi kuniletea gari akishamaliza kutoa asali iliyobaki Kitunda.